Jino la Bi Braulia

Ile picha ya gazetini, ya bibi aliyeinama majini huku kiganja kikiwa shavuni, iliwatoa machozi watu wa mjini. Sisi wa kisiwa cha Ogobdub tulicheka mpaka tukakaa chini. Maandishi yake yalisema bibi huyo analilia kisiwa chake kinachomezwa na bahari. Kumbe Bi Braulia alikuwa na jino bovu, basi. Gego la chini lilikuwa limemnyima usingizi, na asubuhi hiyo alitoka kuutafuta mwiko ambao mjukuu wake aliuangusha njiani. Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, kama yafikavyo kila upepo wa kaskazini unaposhika. Akainama, jino likamchoma, akashika shavu, na kijana mwenye kamera akapata alichokuja kukitafuta.

Mwenye duka alilibandika gazeti ukutani, karibu na mifuko ya mchele, ili kila mnunuzi aone. Yariela, mjukuu mkubwa wa Bi Braulia, ndiye aliyemsomea bibi yake yale maandishi. Bi Braulia alisikiliza mpaka mwisho, pete yake ya dhahabu ikimcheza puani kwa hasira.

"Analilia nini?"

"Kisiwa, bibi."

"Jino!" alifoka, duka zima likageuka. "Waandike jino! Watu wameshindwa kulijua jino lililo kinywani mwangu, bahari yote hiyo wataijulia wapi?"

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo hoja yake. Redio ikisema bahari inapanda, anajibu "jino". Mwalimu akieleza habari za joto la dunia, anajibu "jino". Watoto wakaishika, ukisema uongo Ogobdub siku hizi unaambiwa hilo ni jino.

Si kwamba hakuyajua maji. Alizaliwa kisiwani humu, akaolewa humu, akafiwa na mume humu. Anajua kwamba Desemba bahari huingia njiani, hupita chini ya machela watu wakiwa wamelala, huondoka na kandambili za majirani, kisha hurudi kwake. Watu hufagia matope, hugombania kandambili, mambo yanaendelea. Ila jiko la nyumba yake maji hayakuwahi kulifika. Mama yake alikipandisha kiwanja cha jiko hilo kwa mawe ya matumbawe aliyoyabeba mwenyewe kwa mtumbwi, akayapanga na kuyashindilia mpaka pakawa kama kichuguu kipana. Juu yake aliweka magogo manne yaliyogusanisha vichwa, na moto katikati. Moto huo haukuzimwa. Usiku ulilala chini ya majivu, asubuhi ukaamshwa.

Siku ya kumzika mama yake, Bi Braulia alirudi kutoka makaburini, kule bara, akaketi mbele ya moto ule na kusema mbele ya watu wote, "Huu ukiwaka, mama yangu yupo. Siku bahari itakapouzima ndipo nitajua amekufa." Wanawake wakaangua kilio upya. Evelio, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amemwoa Nelsi, binti pekee wa Bi Braulia, na kuhamia kwao kama waume wote wanavyohamia kwa wake zao, alisimama mlangoni na mkungu wa ndizi begani, hajui autue wapi.

Evelio huyo ni mtu wa maneno machache. Kila siku hupiga kasia hadi bara kwenye shamba lake la ndizi, jioni hurudi, hula alichopewa, hutengeneza kilichovunjika. Bi Braulia alimtania atakavyo. Alimtania zaidi kwa ajili ya kopo la bati alilolitundika kwa waya kwenye paa la jiko, ambalo kila jioni ya upepo alilijaza makaa na kulifunika.

"Mkwe wangu, hilo kopo unalipikia nini?"

"Mbu, mama. Moshi unafukuza mbu."

"Mbu wa kwetu wana bahati. Wamepikiwa chungu chao."

Basi bara zikajengwa nyumba mpya kwa ajili yetu, mistari mistari, kila moja na kiwanja chake. Sahila, mkuu wa kisiwa, akaitisha mkutano na kumtaka kila mwenye nyumba aseme kama anahama au anabaki. Nyumba kwetu ni ya mama, kwa hiyo jibu la Bi Braulia lingekuwa jibu la wote waliolala chini ya paa lake. Nelsi alikuwa mjamzito tena, na hapakuwa na nguzo hata moja iliyobaki ya kufungia machela ya mtoto. Usiku mtu akijigeuza, nyumba nzima iligongana magoti. Nelsi aliitaka nyumba ya bara mpaka akaiota, lakini alishasema hawezi kumwacha mama yake. Mama akikataa, mtoto atazaliwa humohumo kwenye magoti.

"Braulia," sahila aliuliza kutoka kwenye machela yake katikati ya ukumbi, "nyumba yako vipi?"

"Inabaki."

"Na maji je?"

"Maji gani? Haya ya Desemba? Nimezaliwa nimeyakuta. Mama yangu naye aliyakuta. Nani humu aliwahi kuuona moto wa mama yangu umezimwa na maji? Asimame aseme!"

Hakusimama mtu. Evelio, kule nyuma, alikuwa akibandua ngozi ngumu ya kiganja chake kama mtu aliyepewa kazi hiyo na serikali.

"Pengine maji yanakuogopa wewe," alisema mzee Horasio, ambaye hapitwi na utani.

"Wewe mwenyewe unaniogopa, Horasio, sembuse maji."

Ukumbi ukacheka. Nelsi hakucheka. Aliweka mkono tumboni na kutazama chini, na Bi Braulia alimwona, akajifanya hakumwona. Sahila alisema hatayafunga majibu mpaka mkutano ujao.

Kabla ya mkutano huo, upepo ukashika, na kijana wa kamera akarudi. Jina lake Ruben. Si mtu mbaya. Alileta picha ile imekuzwa na kutiwa fremu, akidhani ni zawadi. Bi Braulia aliitundika juu ya banda la kuku, kisha akamkalisha mgeni na kumpakulia supu ya samaki na ndizi iliyoungwa kwa nazi, pamoja na wali, kwa sababu ugomvi ni ugomvi na mgeni ni mgeni.

"Mama, samahani kwa yale ya jino," Ruben alisema. "Lakini bahari inapanda kweli. Wameipima."

"Kwa mwaka inapanda kiasi gani?"

Ruben alitafuta mfano mezani, akapata wali. "Kama upana wa punje hii, hivi. Ukizidi, kidogo tu."

"Punje ya mchele?" Bi Braulia aliweka kijiko chini. "Yaani umepanda ndege, ukapanda boti, umetapika njiani, kuja kunitisha mimi na punje ya mchele?"

"Zinajumlika, mama. Punje juu ya punje."

"Zikijumlika huitwa wali. Kula."

Hata Nelsi alicheka hapo. Bi Braulia alipoona amepata watazamaji, akapanda juu zaidi. "Sikiliza, mwanangu. Upepo wa leo si wa mchezo, hata mimi nimeusikia kwenye jino. Kesho alfajiri njoo hapa. Ukikuta moto wa mama yangu umezimwa, piga picha zako na mimi nitalia kweli, nitalia mpaka kamera ilowe. Nyumba yangu itahama, na nitasema mbele ya mkutano kwamba mlisema kweli. Ukikuta unawaka, unaandika gazetini: jino."

"Nakubali," alisema Ruben.

Evelio aliinua macho kutoka kwenye bakuli, akamtazama mkewe, akayarudisha kwenye samaki.

Alfajiri jino lilimwamsha Bi Braulia. Alishusha miguu kutoka kwenye machela, ikaingia majini, naye hakushangaa. Alikwenda jikoni akipapasa, akitaka maji ya moto ya chumvi. Akaisikia pumzi ya mtu anayepuliza.

Maji yalikuwa yamepanda kwenye kichuguu cha mama yake. Yalikuwa yamekaa pale juu, yametulia, na magogo manne yakielea kila moja upande wake. Evelio alikuwa amechuchumaa katikati, suruali imekunjwa mapajani. Alikuwa ameyarundika mawe mapya yakawa juu ya maji, akapanga kuni kavu juu ya mawe, na sasa alikuwa akimimina makaa ya lile kopo kwenye makumbi ya nazi.

"Evelio."

Nusura kopo limponyoke. "Mama. Mbona umeamka?"

"Jino. Na wewe?"

Evelio alilitazama kopo kama vile lingemjibia. "Mbu."

"Upepo huu, mbu wa wapi?"

Evelio akaendelea kumimina. Maji yalimpita katikati ya vidole vya miguu, na kaa moja likadondoka humo na kulia.

"Tangu lini?" Bi Braulia aliuliza.

"Yariela alikuwa bado ananyonya."

"Yariela anayesoma magazeti?"

"Ndiyo, mama. Mwanzoni mara mojamoja, labda mwaka unapita kabisa. Siku hizi..." Alishusha pumzi. "Siku hizi upepo wowote."

"Na mkutanoni nikapiga kelele, nikauliza nani ameuona umezimwa. Ukanyamaza. Wewe mwenye shamba bara, unayetaka kuhama kuliko watu wote!"

"Ulisema siku utakapozimwa," Evelio alianza, na hakumaliza. Aliweka ukuni juu ya makaa. "Nilikuwepo siku ile. Nilikuwa na ndizi begani."

Bi Braulia alitamani kumpiga kofi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miaka yote hiyo amewacheka walimu, amewacheka wenye redio, amemfunga mdomo sahila mbele ya watu, kwa ushahidi wa moto ambao mkwe wake aliuwasha upya kwa pumzi yake huku yeye akikoroma. Na aliona jambo jingine lililomuumiza kuliko aibu: bahari ilikuwa imekaa mahali alipokuwa akikaa mama yake.

Akapiga magoti majini, nguo zake zikalowa.

"Sogea," alisema. "Unapuliza kama mtu anayepoza uji."

Wakapuliza wote wawili. Kila pumzi ilimchoma jinoni, akazidi kupuliza.

Ruben alipokuja, maji yalikuwa yameanza kurudi na moto unawaka vizuri, sufuria ya uji wa ndizi iko juu yake. Evelio alikuwa ameshaondoka na mtumbwi. Kijana alizunguka meko, akatazama, akajikuna kichwa.

"Umeshinda, mama."

Bi Braulia alikoroga uji. Alijua kijana huyu amesema kweli kuhusu bahari, na alijua pia kwamba akimpa sentensi moja tu, gazeti litamgeuza yeye kuwa mwanamke anayelia kwa mara ya pili. Mambo ya kopo yalikuwa siri ya nyumba yake.

"Andika: jino," akamwambia, na kumpa uji.

Mkutano uliofuata ukumbi ulijaa. Kila mtu alishasikia kwamba Braulia amemshinda mtu wa gazeti. Sahila aliuliza kwa kutimiza wajibu tu.

"Nyumba yangu inahama," alisema Bi Braulia.

Kelele zilizuka. Horasio akasimama kabisa. "Ahaa! Maji yamekukimbiza!"

"Hakuna maji ya kunikimbiza mimi. Nahama kwa sababu huyu mkwe wangu hajalala usingizi wa maana tangu aoe."

Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika hadi gatini. Wanawake walipigana mabega, Nelsi akajifunika uso kwa kitambaa chake chekundu, Evelio akatafuta shimo la kuingia. Sahila mwenyewe alicheka mpaka machela ikayumba.

"Na watu wa gazeti wakija," aliuliza akijifuta macho, "tuwaambie nini?"

"Waambieni tumekuwa wengi na nguzo za kufungia machela zimekwisha. Uongo huo?"

"Si uongo."

"Basi."

Siku ya kuhama kulikuwa na upepo. Jino lilikuwa limeshang'olewa kwenye zahanati ya bara, naye Bi Braulia alikuwa amevaa mola, ile blauzi ya wanawake wa kwetu yenye nakshi za vitambaa, mpya kuliko zote alizonazo, na shanga za miguuni. Evelio alikuwa akipanga vyungu ndani ya mtumbwi aliposikia anaongeleshwa kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakulizoea.

"Sijasema wale wa gazeti ni watu wa kweli. Jino lilikuwa jino, walilisingizia. Ila bahari nimeiona. Na mama yangu amekufa, Evelio. Amekufa siku nyingi."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie hivyo kama mtoto wa shule. Lete kopo."

Alirudi jikoni peke yake, akachota makaa kutoka kwenye meko ya mama yake, akayajaza ndani ya kopo la mbu na kulifunika. Gatini Ruben alikuwa akimsubiri, kamera shingoni.

"Mama, unajisikiaje kukiacha kisiwa?"

Bi Braulia akamgeukia, akafungua kinywa chote, akamwonyesha pengo na kucheka, kopo likitoa moshi kifuani. "Haya, piga sasa!" Kijana akapiga. Picha hiyo haijatoka gazetini mpaka leo.

Aliingia mtumbwini, akaketi mbele na kuupa upepo mgongo. Evelio alishika kasia, kisha akalitua tena na kunyoosha mikono.

"Mama, nipe hilo kopo. Upepo huu utauzima moto."

"Piga kasia," alisema Bi Braulia, akilikumbatia kopo na kulifunika kwa kitambaa chake cha kichwani. "Huu wa leo zamu yangu."