Mshenga Asiyegusa Kikombe

Naanza na aibu yenyewe, msije mkaisikia kwa Deus ambaye anaongeza chumvi: mimi Fidelis, mtu mzima, mjomba wa watu, nimezimia mbele ya wakwe, sebuleni kwao, kwenye nchi ya milima inaitwa Bolivia, na kichwa kikatua kwenye sinia la viazi. Suti nilikuwa nimeazima.

Deus ni mtoto wa dada yangu wa Kitomanga. Alikwenda huko kusomea mambo ya gesi, akapata kazi, akapata na mchumba, binti anaitwa Elena. Sasa kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto (baba yupo, tunamheshimu, lakini ndiyo hivyo, yupo), kwa hiyo Deus aliposema rafiki zake wa kule watamposea, dada akanipigia simu hapa Somanga, nipo na karai langu la samaki, akasema, "Kaka, mwanangu hakuokotwa. Nenda wewe. Na usirudi bila jibu." Deus akatuma tiketi, basi, sina pa kutokea.

Marehemu babu alinifundisha kwamba mshenga haweki kitu mdomoni nyumbani kwa binti mpaka neno lijibiwe, maana ukishashiba ubwabwa wa watu utawadai jibu kwa sauti gani? Hiyo ni mila ya nyumbani kwa binti tu. Mimi nikaona niinyooshe kidogo: tangu basi linaanza kupanda milima, sigusi chochote cha kule, labda maji yangu ya chupa. Kwa nini? Sifa tu. Nilishaanza kuipanga hadithi ya kuja kuwasimulia nyie hapa kituoni. Ujinga wote ulianzia hapo.

Deus alinipokea Peru, pwani, na pwani yao ni mchanga mtupu, hata mnazi wa dawa hakuna. Basi likapanda. Mimi mlima ninaoujua ni wa kwenda Rondo, gari linakoroma kidogo mmefika, lakini ule unapanda, ukidhani umekwisha unapanda tena, mpaka tukatokea kwenye uwanda mkubwa hauna mti, nyasi za manjano, vilele vyeupe kwa mbali, na wanyama kama kondoo waliorefushwa shingo, wamefungwa nyuzi nyekundu masikioni, wanatutazama bila haraka. Tukapita maji mengi ya buluu, nikasema kumbe bahari ipo, Deus akasema ni ziwa, nikaegemea kioo maana kichwa kilikuwa kinagonga.

"Mjomba, kunywa chai hii. Huku juu hewa nyepesi, kila mtu anakunywa."

"Majani gani haya?"

"Koka."

Neno hilo nililisikia kwenye taarifa ya habari, na waliohusika walikuwa na pingu. Nikamrudishia kikombe chake.

La Paz ni mji uliojaa ndani ya bonde, nyumba za matofali zimepanda kuta zote mbili mpaka ukingoni, na juu ya mapaa vinapita vibanda vya vioo kwenye waya, abiria wamo ndani wanachezea simu kama wako sebuleni. Wakwe wanakaa juu kabisa. Deus akasema tupande kibanda. Nikasema mshenga anafika kwa miguu yake. Nikapanda zile ngazi, moyo unapiga ngoma, na bibi mmoja wa kofia ya duara, mgongoni kabeba mzigo wa viazi kwa kitambaa cha rangi, akanipita, akageuka kunitazama, akanihurumia, akaendelea. (Kumbe naye ni bibi yake Elena, na viazi vile ndivyo nilivyokuja kuvilalia.)

Ndani tukapokewa vizuri. Baba wa binti, Mzee Hilario, fundi seremala, mpole, hana maneno mengi. Nikatoa shikamoo, Deus akahangaika kuitafsiri. Tukakaa. Mzee akatandika kitambaa cha kufumwa, juu yake majani yale yale, akachota kwa mikono miwili akaninyooshea, na ukoo mzima unatazama.

Nikaweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa kwa adabu zote.

"Mjomba, pokea, hayo ndiyo..."

"Nyamaza!" nikamwambia Deus. "Mwoaji hana mdomo. Wewe tafsiri ninayosema mimi."

Mzee akarudisha mikono taratibu. Bibi akaja na kikombe cha chai ya majani hayo hayo. Nikakataa tena, na safari hii nikatabasamu, ili wajue wamepata mtu anayejua mila. Elena alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Akageuka, akaingia ndani. Nikajisemea, binti ana haya, kalelewa.

Basi nikasimama nitoe neno. Nimekosa pumzi, vidole sivisikii, lakini nikasimama. "Sisi wageni wenu tumetoka mbali," nikasema, "tumepita, tumeona ua kwenye bustani yenu..." Na hapo bustani ikazunguka, na ukuta, na Mzee Hilario, na sikumbuki tena.

Nilipozinduka nimelazwa mapajani kwa bibi, kanibana kidevu kama mtoto anayekataa dawa, ananinywesha chai kwa kijiko, nami nameza, nguvu ya kukataa ningeitoa wapi? Kumeza kidogo tu, watu makofi! Mzee Hilario kamkumbatia Deus. Elena katoka jikoni, macho mekundu, anacheka.

"Wamejibu?" nikauliza.

"Mjomba, walijibu tulipokaa tu," Deus akasema. "Kwao baba akiridhia anakupa majani. Ukipokea, mmekubaliana. Wewe umekataa mara mbili mbele ya ukoo. Elena alikuwa jikoni analia, anasema mjomba katoka Afrika yote ile kuja kumkataa."

Jamani, hapo nilitamani nizimie tena. "Na sasa?"

"Sasa umemeza."

Dada akapiga simu. "Wamekubali?" Nikasema wamekubali. "Ulisema yale maneno ya ua?" Nikasema niliyaanza.

Walifunga ndoa, na juzi Deus kamleta Kitomanga. Joto lile, mtoto wa watu jasho linamtiririka, na dada yangu, kwa kumheshimu, akamletea pweza mkavu niliyempeleka mwenyewe kutoka huku, mnaijua harufu yake. Elena hata kukaa hajakaa. Akanyoosha mikono miwili, akapokea, akatafuna, akatafuna weee, machozi yanamlenga, akameza. Halafu akanigeukia mimi, kwa Kiswahili chake cha kufundishwa na Deus:

"Nimepokea, mjomba."

Watu wakaangua kicheko, wanajua. Mimi nikatazama mkeka. Mila ya babu sijaitupa, lakini nimeapa: nikipewa kikombe ugenini nakunywa kwanza, kuulizana baadaye. Sikuwa na njaa siku ile, na pweza nauza mwenyewe kila siku, lakini nikanyoosha na mimi mikono miwili, nikaomba kipande.