Benchi la Mboga la Madam Eucabeth

Eucabeth Obare ana miaka arobaini na minane, na kumi na mitatu kati ya hiyo aliitumia ndani ya hema. Hema lenyewe lilikuwa la kupima virusi vya Ukimwi. Leo lilisimikwa ufuoni mwa ziwa, Mbita, kesho sokoni, keshokutwa nyuma ya kanisa. Wavuvi waliingia wakitetemeka, wakapewa majibu yao, naye akakaa nao mpaka wakaweza kusimama tena. Aliifanya kazi ile vizuri mno, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia, maana anayekusaidia siku kama ile huwezi kuisahau sura yake.

Miaka miwili iliyopita aliajiriwa kuwa mshauri wa wanafunzi katika chuo kikuu kimoja kidogo, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Akapewa chumba, meza, viti viwili na kibao mlangoni kilichoandikwa KAUNSELA. Akakaa kungoja wanafunzi. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya nne hakuja mtu, ila buibui kwenye dirisha, naye hakuwa na shida yoyote. Mlango ule ulitazamana na foleni ya ofisi ya mitihani, ambapo wanafunzi husimama tangu asubuhi wakiwa hawana la kutazama. Na kwa watu wa ziwa, kaunsela ni mtu mmoja tu, yule anayekupima. Huyu basi alikuwa yule yule wa hema, kwa sura na kwa jina. Kuingia ofisini kwake mchana kweupe kulikuwa sawa na kujitangaza kwa kipaza sauti.

Wa kwanza kuingia aliingia kwa kutojua. Mniko, kijana wa mwaka wa pili, alitoka Ntimaru kwa Wakuria, mbali na ziwa, na hakuna aliyemwambia mlango ule una maana gani. Alikuwa halali usiku. Hesabu zilikuwa zimemshinda, na kila akifungua daftari moyo ulimwenda mbio. Alikaa mle saa nzima akatoka mwepesi, mara ya kwanza tangu muhula uanze. Jioni akamkuta Cliff, mwenzake wa chumbani, mzaliwa wa Mbita, ametenga kikombe chake na sahani yake kwenye rafu ya juu.

"Si ubaya, bro," Cliff alisema. "Ni vile tu kila mtu akae na vyombo zake."

Kana kwamba kikombe kiliwahi kumwambukiza mtu! Haya, wasomi wetu hao. Kufikia Jumatano darasa zima lilikuwa likimhurumia Mniko kwa ugonjwa ambao hakuwa nao, na huruma ile ilimchoma kuliko matusi. Alhamisi akafunga begi akarudi kwao.

Eucabeth alipopata habari alikasirika hata chakula kikamshinda. Alimpigia simu Mniko siku kumi na moja mfululizo, kijana asipopokea akaongea na mama yake, mpaka akakubali kurudi. Alirudi na sharti moja, kwamba hakanyagi tena ofisi ile.

"Sasa tutaongea wapi?" Eucabeth alimuuliza.

"Sijui, Madam. Mahali kuna watu wengi. Mahali hakuna mtu anaweza jua ni mimi naongea na wewe."

Ungedhani kijana anataka maji makavu. Lakini Eucabeth alikwisha jifunga kibwebwe. Aliapa kwamba mlango ule hautamfukuza mtoto wa mtu mwingine, na akaanza kutafuta mahali hapo palipojaa watu na pasipo na mtu.

Alipapata siku aliyokwenda kula kwa Nyasuguta. Mama huyu wa Kisii anapika nyuma ya mabweni, siku zote isipokuwa Jumamosi, siku yake ya Sabato, na jikoni kwake kuna sheria. Ukifika chakula hakijaiva, hukai bure. Unarushiwa fungu la mboga za kienyeji, saga au managu, uchambue. Eucabeth alikaa kwenye benchi refu kati ya vijana sita wenye mafungu mapajani, na akasikiliza. Kila mmoja alikuwa anaongea, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake. Msichana mmoja alisema kwamba mpenzi wake hukagua simu yake kila jioni, akayasema yale kama anayaambia majani. Aliyekuwa kando yake akajibu bila kuinua kichwa, "Hata wangu alikuwa hivyo. Nikatoka." Eucabeth aliacha kuchambua. Miaka kumi na mitatu hemani hakuwahi kuona watu wakifunguka haraka namna ile.

"Nyar Kisii," alimwambia Nyasuguta, akimwita binti wa Kisii kwa lugha ya ziwani, "hili benchi lako naliazima."

"Benchi si la kuazima. Kaa, uchambue."

Basi akakaa, kila siku kuanzia saa tano. Wanafunzi wakajua, bila tangazo, kwamba Madam yuko kwa mboga. Sukuma wiki waliikataa, maana huisha kuchambuliwa kabla mtu hajalifikia jambo lenyewe. Saga ndiyo mboga ya shida za watu, jani moja moja. Na Eucabeth akisikia neno zito humwambia mwenyewe, "Hebu nisaidie kubeba karai mpaka bombani." Huko bombani wakabaki wawili, maji yakilia, na mtu akalia pia akitaka. Ukipita unaona mama na mtoto wanaosha mboga. Mniko aliosha mboga muhula mzima. Usingizi ukamrudia, hesabu nazo zikaanza kukubali.

Sasa akatokea Daktari Maranga, mkuu wa masuala ya wanafunzi. Mtu wa haki, mtu wa karatasi. Chuo kilikuwa kinataka kujua kila idara inafanya nini, naye alipofungua daftari la wageni la kaunsela akakuta jina moja tu kwa mwaka mzima.

"Daktari, wanakuja," Eucabeth alimwambia. "Wanakuja jikoni."

"Wanakuja kula."

"Wanakuja kuongea. Wengine hata hawali."

"Basi niletee majina na namba za usajili. Kisichoandikwa hakikufanyika, Madam. Ijumaa nisipoyaona, hiyo mambo ya jikoni inaisha, na mkataba wako pia."

Eucabeth alitoka mle akihesabu karo. Ana watoto wawili wa sekondari, na kazi haiokotwi barabarani. Majina aliyajua yote. Kuyaandika kungemchukua dakika kumi. Lakini kuyaweka kwenye faili la ofisi kungekuwa kumwaga mtama penye kuku wengi, na ajuaye hilo zaidi ni aliyekwisha tengewa kikombe.

Siku ile ile aliwaambia watu wa benchi ukweli wote. Mikono ikasimama. Mniko akainuka, saga zikamwangukia miguuni.

"Kwa hivyo nitaandikwa?"

"Hutaandikwa. Hakuna atakayeandikwa. Afadhali nirudi hemani. Sasa okota hizo mboga, zinakanyagwa."

Alhamisi asubuhi akarudi kwa Daktari Maranga, hakuketi. "Majina sitaleta," alisema. "Lakini njoo uone kwa macho yako. Ukiona ni mchezo, nifute kazi."

Alikuja saa sita, na tai shingoni. Benchi lilikuwa limejaa, na nafasi iliyobaki ilikuwa kigoda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye akainama mpaka magoti yakakaribia masikio. Nyasuguta, ambaye hana mkubwa jikoni kwake, akamrushia fungu lake.

Mazungumzo yakakatika, vijana wakainamia mafungu yao. Daktari alichambua kama mtu anayefungua barua isiyo yake. Majani na mabua vyote aliviweka pamoja.

"Daktari!" Nyasuguta alimkaripia. "Bua hilo nani atatafuna? Kwani nyumbani hamchambui?"

Eucabeth alitaka ardhi ipasuke. Chuo kizima kilikuwa kimekwenda kwa basi kumzika mke wa Daktari, mwezi wa nne. Jumatatu iliyofuata alikuwa mezani kwake saa mbili kamili, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuutaja msiba ule mbele yake.

Daktari alilitazama bua lile. "Alikuwa anachambua Mama Emmah," alisema. "Saga haijaingia nyumbani tangu mwezi wa nne. Naona sokoni, napita."

Nyasuguta akageukia sufuria yake. Kisha Mniko akasogea, akalichukua bua kutoka mkononi mwa mkuu, akalivunja.

"Hapa, Daktari. Ukivunjia hapa jani linatoka lenyewe."

Daktari akajaribu. Akapata moja, akapata la pili. Mazungumzo yakarudi taratibu, mtu akilalamikia mtihani, mtu akilalamikia baba yake, na yeye akamaliza fungu lake lote bila kuinua macho. Alipomaliza Eucabeth alimwomba wabebe karai mpaka bombani. Walikaa huko muda mrefu kuliko mboga zilivyohitaji.

Ijumaa Eucabeth alipeleka fomu yake ya ripoti. Safu ya majina ilikuwa nyeupe. Chini aliandika mstari mmoja: Alhamisi, watu 13. Akasimama akingoja kufukuzwa, na alikuwa tayari.

Daktari aliisoma fomu.

"Majina hakuna."

"Hakuna, na hayatakuwepo."

Alichukua kalamu, akaipiga mstari safu yote ya majina. Halafu akashuka chini, akakata ile 13, akaandika 14, akatia sahihi.

"Umekosea hesabu, Madam," alisema. "Uliniruka."