Mche Mmoja Bila Majivu

Majivu yanamuua vipi mdudu? Nilimuuliza mama swali hilo mchana mmoja wa joto huko Pearland, ughaibuni, naye akanijibu, “Chota majivu, wacha maswali.” Nililikumbuka juzi nilipomwona jirani akipulizia mawaridi yake dawa.

Shosho alikuwa anakuja kutoka Kenya kwa mara ya kwanza, na mama alitaka ale sukuma wiki aliyoipanda nyuma ya nyumba. Lakini vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, walijaa chini ya majani, yakanata kama yamemwagiwa soda. Baba alileta dawa ya dukani. “Mama yangu hatakula sumu,” mama alisema, akaanza kunyunyiza majivu ya jiko la nyama choma. Yalinuka moshi na mafuta ya mbuzi.

Mche mmoja niliukinga kwa mwavuli wangu.

“Huu mbona uko uchi?”

“Najaribu, Mom. Nione kama majivu yanafanya kazi.”

“Unajaribu na chakula cha shosho?”

“Mwachie mmoja,” baba alicheka. “Huyo ni daktari wa sukuma.”

Mche wangu ulikuwa na wadudu weusi wenye miiba mgongoni. Nilidhani ndio wazazi wa vidukari, nikajua umekwisha. Shosho alipofika, ndio uliokuwa safi kuliko yote, na mama akaanza kuchuma hapo.

“Upepo uliupelekea majivu,” mama alisema.

Sikuamini. Nilikuwa chuo kikuu nilipojua kwamba wale weusi hukua wakawa wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, na kwamba wakiwa wadogo hivyo chakula chao ni vidukari.