Samaki Asiye na Kichwa

Jumamosi, sokoni Sotik, nilisimama kwa mama muuza samaki ambaye marehemu mke wangu alikuwa mteja wake. Redio ilisema nchi za pwani zimeungana kusaka meli zinazoiba samaki baharini. Nilishika samaki wa barafu nimtazame matamvua kichwani nijue kama bado ni mzuri, kama mke wangu alivyonifunza. Hakuwa na kichwa.

“Hii hukatwa huko kwa meli, mwalimu,” alisema mama. “Hata mimi sijui imetoka bahari ya nani.”

“Si wezi watashikwa?”

Alipangusa kisu polepole. “Wameshashika. Ndugu yangu anayevua Kilifi, na ngalawa yake. Ati wavu iko na matundu ndogo.”

Wavu ule ni kosa, sikatai. Lakini nchi zote hizo zimeungana, na aliyepatikana ni mwenye ngalawa. Samaki wa meli wamefika hadi Sotik, na meli yenyewe hakuna aliyeiona.