Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, mpaka baba mkwe alipolala kitandani kwangu

Wakuu, salamu kwenu mlioamka salama. Mlioamka kama nilivyokuwa naamka mimi, poleni zaidi.

Haya yamenitokea mwenyewe, hapa hapa Kibiti, ndani kwangu. Sijaongeza chumvi. Pale nitakapoonekana mjinga mjue ndivyo ilivyokuwa, maana ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao form four wametawanyika Dar huko, mimi nikasema nyumba aliyoiacha marehemu baba haiwezi kukaa peke yake. Ukweli ni kwamba sipendi safari. Hata nikienda Ikwiriri naona kama nimehama nchi.

Nina mke, mama Rukia, na huyo Rukia mwenyewe bado mdogo, tunalala naye chumba kimoja.

Riziki yangu ni bomba la kupulizia mikorosho, lile la motor linalobebwa mgongoni. Msimu wa kupulizia ukifika, wenye mashamba wanakuja kulikodi asubuhi, jioni wanalirudisha. Mimi nipo barazani. Kazi inanifuata nyumbani, sasa niifuate ya nini.

Tuje kwenye ugonjwa.

Ulianza taratibu msimu huu. Naamka kichwa kizito kama nimebebeshwa gunia la mpunga usiku kucha. Mdomo mchungu, macho yanawasha, kichefuchefu juu. Miguu haina habari na mimi.

Nalala mapema kuliko kuku, naamka nimechoka kuliko aliyekesha.

Cha ajabu, nikishakaa barazani jua likapanda, napata nafuu. Mchana nakula vizuri tu. Kesho yake alfajiri, yale yale.

Mke wangu alinitazama weee, mwisho akasema, "Baba Rukia, huo ugonjwa wako mbona unapona ubwabwa ukiiva?"

Nikacheka.

Baadaye na yeye akaanza kuamka anashika kichwa. Tukatazamana. Halafu Rukia akaanza kukohoa alfajiri na kukataa uji, na hapo utani ukaisha nyumbani kwetu.

Nikaenda kupima. Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Presha nzuri, damu ipo.

Daktari akaniuliza, "Unafanya kazi gani?"

Nikamjibu, "Nipo nipo tu nyumbani."

Akaandika. Akaniambia ninywe maji mengi na nipunguze mawazo. Wakuu, mimi mawazo sina, ndiyo sifa yangu kubwa mtaani. Nikatoka pale nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyoingia.

Nikapita kwa Muhindi wa dukani. Ukoo wao upo hapa tangu zama za babu yake, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Akanipa glukosi, akasema, "Isipokusaidia usinirudie, maana utamu wake utakuwa umeshaufaidi."

Jirani yangu yeye akasema ni jini, tena jike, na anamjua kwa jina. Sikumuuliza amemjulia wapi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonivuruga.

Dada yangu ameolewa Mloka, akaniita kwenye hitma ya mama mkwe wake. Nikaenda na familia, safari yenyewe mtanihurumia siku nyingine. Kule tembo walikuwa wanaingia kwenye mahindi, watu wanagonga madebe na kupiga kelele usiku kucha. Nililala kwenye mkeka, kwa vipande vipande, na roho mkononi.

Nikaamka mzima. Mwepesi kabisa. Mke wangu mzima, Rukia anakimbizana na kuku.

Tuliporudi Kibiti, asubuhi ya kwanza tu, wote watatu hoi.

Mama Rukia akakaa kitandani ameshika kichwa, akasema taratibu, "Hii nyumba ya baba yako haitutaki."

Siku hiyo hiyo akafunga nguo zake na za mtoto, akaenda kwa baba yake Dimani.

Wakuu, nilibaki na nyumba na bomba.

Baba mkwe akanipigia simu. Ni mkulima wa korosho, mzee wa maneno machache. Akasema, "Mkwe, mjukuu wangu kwako anakohoa, hapa hakohoi. Kuna mawili. Uiache hiyo nyumba, uje nikukatie kiwanja hapa kwangu. Au mwanangu na mjukuu wabaki huku. Nitakuja mwenyewe kuchukua jibu."

Niwe mkweli, yote mawili yalinitia homa. Nyumba ya baba niifunge nikajenge uani kwa wakwe, kila nikipiga mwayo wanahesabu? Au nibaki hapa bila mke na bila mtoto, nikilinda kuta? Nilikaa barazani nikiyageuza hayo mawili mpaka yakawa kama moja.

Tena nilishasikia, maneno hayakai, kwamba mzee anasema hakuna ugonjwa wala jini. Anasema mwanawe kaolewa na mvivu, na uvivu umeanza kuambukiza.

Basi akaja kweli. Alikuja jioni na mama Rukia, Rukia wamemwacha kwa bibi yake. Kwa muda ule kurudi Dimani haiwezekani, ikabidi walale.

Sasa nyie mnajua, baba mkwe halazwi kwenye mkeka wa sebuleni. Anapewa chumba chako, kitanda chako, na shuka ambayo wewe mwenyewe hujawahi kuilalia. Nikampisha. Mama Rukia akaenda chumba cha pili tunachowekea magunia, mimi nikatandika sebuleni.

Bomba lilikuwa limesharudishwa. Kawaida yake linalala chini ya kitanda changu, pamoja na chupa za dawa na mfuko wa salfa, ile poda ya mikorosho. Chumba cha magunia mlango wake ni wa kusukuma tu, na jirani aliibiwa bomba lake kupitia dirishani, ndiyo maana hata dirisha langu nilishaligongelea mbao. Kwa hiyo siku hiyo, kwa adabu zangu, nikalisukuma ndani zaidi ili mguu wa mkwe usije ukaligonga.

Nikalala.

Asubuhi adhana ikanikuta macho. Kichwa chepesi, mdomo safi. Nikajipapasa kwanza, sikuamini kama ni mimi.

Nikasubiri mzee atoke twende msikitini. Huyu Dimani nzima inajua ndiye wa kwanza kuamka. Kimya. Watu wakasali, wakarudi. Kimya. Kuingia kwenye chumba alicholala mkwe siwezi, na moyoni nimeshaanza kutunga jinsi nitakavyotoa taarifa ya msiba. Nikamwamsha mama Rukia akamgongee.

Mzee akatoka ameshika ukuta. Macho mekundu. Akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokutana nacho.

"Shikamoo baba."

Hakuitikia. Akasema, "Mkwe, wewe unalala humu kila siku?"

"Ndiyo, baba."

"Na unaamka?"

"Kwa shida, baba."

Akajifuta macho. "Mimi nilijua we mvivu."

Mama Rukia akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Mimi nikaangalia miguu yangu.

"Humo ndani kunanuka petroli," mzee akasema. "Petroli na dawa."

"Mbona mimi sisikii harufu, baba?"

"Utaisikiaje? Wewe mwenyewe umeshakuwa tangi."

Akamwambia mwanawe avute kilichopo chini ya kitanda. Bomba likatoka. Mfuniko wa tangi la mafuta una ufa, sakafu chini yake imelowa. Chupa moja ya dawa kizibo chake kimekaa upande. Mfuko wa salfa mdomo wazi. Na juu ya vyote hivyo, kitanda, na dirisha lililogongelewa mbao na mwenye nyumba kwa mkono wake.

Mzee akaliangalia lile dirisha kwa muda mrefu kuliko alivyoniangalia mimi siku ya posa.

"Mjukuu wangu alikuwa analala hapa," akasema. Sio kwa hasira. Ningependa ingekuwa kwa hasira.

Suala la kiwanja halikutajwa tena. Alipopata nguvu akaondoka na mama Rukia, na Dimani nasikia aliwaambia alikula mihogo mibaya. Kwangu hakula mihogo.

Mimi nikarudi kwa daktari, safari hii nikasema kila kitu, bomba, dawa, dirisha. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kwa nini sikusema mwanzo. Nikamwambia aliniuliza kazi, hakuniuliza nalala na nini. Hakucheka. Akataka mtoto aletwe apimwe kifua, tukampeleka, tunashukuru Mungu yuko vizuri.

Nikang'oa mbao. Nikajenga kibanda kidogo cha miti nyuma ya nyumba, mlango wa bati, kufuli kubwa kuliko la nyumba yenyewe. Kitanda kikashinda nje juani, sakafu ikasuguliwa na sabuni mpaka mikono ikachubuka.

Mke wangu hakurudi siku hiyo. Alikuja kwanza peke yake, akalala usiku mmoja, akaamka, akakaa kitandani akijisikiliza kama anayesubiri simu. Kisha akasema, "Kamlete Rukia." Nikaenda Dimani mwenyewe, mimi nisiyependa safari.

Lakini wakuu, bado sijaelewa yote. Mbona msimu uliopita nililala nalo hilo hilo bomba na sikuumwa? Ni ule ufa? Ni dirisha? Na mbona hadi leo zipo asubuhi naamka mwili umechoka wakati chumba kinanukia sabuni tu? Daktari anasema nijipe muda. Mama Rukia anasema, "Hiyo iliyobaki siyo petroli, baba Rukia. Hiyo ndiyo wewe."

Nilichojifunza: ukiamka vibaya kila siku na mahali pengine unaamka vizuri, kabla hujaitafuta sura ya jini, inama uangalie umelalia nini. Na ukienda hospitali usione aibu kutaja vitu vyako vyote, hata vile unavyoviona vya kawaida.

Najua huku kwetu tuko wengi tunaolala na bomba kwa kuogopa wezi. Naomba mseme, lenu linalala wapi? Na mwenye kuujua huu uchovu wa asubuhi unachukua muda gani kuisha, anijuze. Wenye utani pia karibuni, ila mjue baba mkwe ameshanimaliza. Siku hizi akija kututembelea, nikimpa shikamoo haitikii, anapitiliza chumbani, anapiga magoti na kuchungulia chini ya kitanda. Akiridhika ndiyo anatoka na kuniambia, "Marahaba."