Mende Kwenye Magauni ya Komunyo

Saa kumi na mbili asubuhi, Marcelline anatoa magauni meupe nje, moja moja, na kuyakung'uta uani. Mende wanadondoka. Mmoja anaukimbilia mlango wa nyumba utadhani ndiye mpangaji. Marcelline anamwahi kwa kandambili.

"Hii njo kazi ya kwanza," anasema. "Mbele ya kufungula machine, minauwa ba cafards."

Marcelline ni fundi cherehani katika safu ya nyumba za zamani za wafanyakazi, hapa Likasi, kusini mwa Kongo. Komunyo ya kwanza ikikaribia, akina mama wa parokia humletea vitambaa, na kila mmoja anataka gauni la mwanawe lisimame. Kwa hiyo hulitia wanga wa muhogo, kama alivyofundishwa na mama yake, kisha hulipiga pasi ya makaa.

Mende nao wanaupenda wanga. Hutafuna pindo na kuacha madoa ya kahawia kifuani.

Komunyo ni Jumapili hii. Wiki iliyopita Carine, mteja wake wa miaka mingi, alirudisha gauni la binti yake mbele za watu, kwa sababu ya madoa.

"Alisema niko na buchafu. Minafagia, minafula, minapasi. Buchafu gani?"

Nimeingia nyumbani mwake. Sakafu inang'aa. Lakini kuta zinazotenganisha nyumba hazifiki juu, na dari moja la mbao zilizooza limefunika familia sita. Nyuma kuna shimo la choo la pamoja, mfuniko umepasuka. Nyumba kama hiyo ndiyo inayokodishwa kwa dola arobaini kwa mwezi, bila haya.

Mwenye nyumba ni Papa Évariste.

"Ku mwisho ya mwezi anakuyaka mapema kukamata kodi," anasema Marcelline. "Minamuambia, Papa, dari, Papa, shimo. Anajibu: 'Mama, cafard ni ya kila muntu.'"

Ajabu ni kwamba kodi si ya kila mtu. Hiyo ni yake peke yake.

Kwa miaka mingi wapangaji nao walijifanyia ubaya bila kujua. Kila mmoja aliona aibu kukiri kwamba ana mende, akapuliza dawa kwa siri. Wadudu wakavuka juu ya ukuta hadi kwa jirani, na jirani akapuliza, wakarudi. Asubuhi watu wakasalimiana vizuri tu.

Baada ya maneno ya Carine, Marcelline alichoka kuficha. Akaenda kwa jirani yake, Mama Blandine.

"Nikamuambia: Mama Blandine, kwangu kuko ba cafards. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema: 'Ile ni ya kwangu. Miye njo nilikutumia.'"

Sasa wamekubaliana. Jumamosi nyumba zote sita zitapulizwa kwa pamoja. Lakini dari na shimo vitabaki, na dawa haizibi shimo.

Magauni mengine yanapelekwa leo kwa wenyewe. Limebaki moja, limefungwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki: la Bénie, mjukuu wa Papa Évariste. Babu atalifuata mwenyewe Ijumaa jioni, siku moja kabla ya dawa.

Kwa kawaida Marcelline humkabidhi mteja nguo mlangoni. Safari hii gauni litangoja katika chumba cha nyuma, kwenye msumari, chini ya lile dari ambako mende hujaa giza likiingia.

"Mutoto hana kosa, nguo yake itatoka muzuri," anasema. "Lakini Papa ataingia, aikamate mwenyewe. Na taa, sitawasha. Atawasha yeye."