Kichefuchefu cha Desemba

Mimi ni mtu wa kutapika. Nalisema mapema ili baadaye nisionekane nimejitetea. Nimelelewa Ukuria, upande wa Migori, na tangu utotoni kila safari ya gari ilikuwa vita kati yangu na tumbo langu. Mama alikuwa akinifunga gazeti tumboni chini ya nguo, kwa kuwa watu husema gazeti huzuia kichefuchefu. Sijui lilizuia nini. Nilitapika Awendo, nilitapika Rongo, nilitapika hata stendi kabla dereva hajawasha gari, kwa harufu ya dizeli tu.

Sasa mtu wa namna hiyo alikuwa akitafuta nini kwenye mashua ya chuma inayobembea juu ya vichwa vya watu? Alikuwa akimfuata mume wake.

Mume wangu hufanya kazi ya mjengo Nairobi. Huja nyumbani Desemba, na akishafika huwa ni wa kila mtu: wa mama yake, wa kanisa, wa matanga, wa majirani wanaogombania mipaka ya mashamba. Mimi humsubiri jikoni. Nyumba yetu iko Rangwe, ndani ya boma la mama mkwe, na siku nyingi za mwaka tunaishi humo sisi wawili, mama mkwe kwake na mimi kwangu. Yeye ni Mjaluo, mimi Mkuria, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, ingawa tunakitumia kwa mambo machache tu: maji, kuni, kuku, mvua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza, sikulalamika, lakini miaka imepita na mgeni bado ni mgeni. Huniita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria. Wake wengine wa kijijini nao huitwa kwa kwao walikotoka, lakini wakishazaa hupata jina la pili, mama wa fulani. Mimi sijazaa. Na mume wangu ndiye mtoto pekee wa mama yake aliyebaki hai, jambo ambalo hakuna mtu Rangwe aliyewahi kulisahau mbele yangu.

Desemba hiyo mashine za kubembea zililetwa Homa Bay, zikasimamishwa uwanjani kwa ajili ya sikukuu. Mume wangu akasema twende, sisi wawili tu. Nilishangaa kiasi cha kumuuliza wawili gani.

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kupigana. Asubuhi sikugusa chochote chenye mafuta, nikala kiazi kitamu kimoja tu, kwa sababu tumbo tupu nalo ni adui. Nikatia mkobani kipande cha tangawizi cha kutafuna na ndimu ya kunusa. Gazeti nilimwachia mama yangu na imani yake.

Tulianza na gurudumu kubwa. Hilo nililishinda. Siri ni kutafuta kitu kisichotembea na kukikazia macho, nami niliukazia mlima Asego mpaka tukashuka, nikajiona shujaa. Kisha mume wangu akaionyesha ile mashua. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, inaning'inia kwenye vyuma, inakwenda mbele na kurudi nyuma mpaka inakaribia kusimama wima, na waliomo walikuwa wakilia na kucheka kwa sauti ileile. Kijana wa kufunga mikanda aliniangalia usoni mara moja akaelewa. Akaniambia nikae katikati, maana hapo haibembei sana, na nikisikia vibaya niangalie mbali, nisiangalie miguu yangu.

"Katikati ni pa wazee," mume wangu akasema. "Nyuma ndio kuna utamu."

Nikaenda nyuma. Siku ile angeniambia nikae juu ya vyuma vyenyewe ningepanda.

Mashua ilipopanda, mwili ulipanda na tumbo likabaki. Iliposhuka, tumbo likanifuata na hasira zake. Ziwa lilikuwa mbele yangu, mara likawa chini yangu, mara halipo. Mlima wangu niliupoteza mapema. Nilitafuna tangawizi, nikabana ndimu puani, nikapumua polepole kwa pua na kutoa kwa mdomo kama wanavyofundisha, na yote hayo hayakunisaidia chochote. Lakini mume wangu alikuwa amenishika mkono. Alinishika mbele ya watu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu harusi, na alikuwa akicheka kicheko cha mvulana ambacho mimi sikuwahi kukutana nacho. Nilikuwa nataka kutapika na nilikuwa sitaki ile mashua isimame. Niliyataka yote mawili kwa nguvu moja.

Ikasimama. Nikatapika nyuma ya kibanda cha soda, mume wangu akinishikia kitambaa cha kichwa na kunitania kwamba nimewalisha samaki wa ziwa zima. Akaninunulia maji. Jioni tukarudi Rangwe, na alfajiri akapanda basi la Nairobi.

Wenye ugonjwa huu wanajua kwamba mashine husimama lakini kichwa huendelea. Asubuhi hiyo, baada ya kumsindikiza hadi barabarani, ardhi ilikuwa bado inabembea. Nilifika kwenye migomba, nikainama, nikatapika kile kidogo kilichobaki. Nilipoinuka, mama mkwe alikuwa amesimama na ndoo yake, ananitazama. Alikuja akauchukua mtungi wangu wa maji uliokuwa karibu na mlango.

"Wewe kaa," akasema. "Hii maji nitachota mimi."

Dalili ya mvua ni mawingu, na yeye alikuwa ameyaona mawingu kwa macho yake, asubuhi mapema, kwenye migomba. Nilimwambia palepale kwamba ni ile mashine ya Homa Bay. Akaitikia eeh, ni mashine, kwa sauti ya mtu anayemkubalia mtoto. Hapo ndipo nilipoanza kunaswa. Jambo lile kwao halitajwi. Mimba changa haisemwi, isije ikasikiwa na wasioitakia mema, na mwanamke mwenye adabu akiulizwa hukana. Kwa hiyo kila nilivyokana ndivyo nilivyozidi kuwa na adabu. Nitakanushaje jambo ambalo hakuna aliyelisema?

Basi mambo yakaanza. Uji wa wimbi ulinijia mlangoni kila asubuhi, umefunikwa. Kuni zilikatwa nikiwa bado nimelala. Siku ya soko aliniletea odowa, yale mawe laini ya udongo wanayotafuna wajawazito, akayaweka mezani na kutoka. Jioni alikuja kukaa kwangu, yeye ambaye alikuwa hapiti kizingiti changu bila sababu, akanisimulia habari za watoto wake waliokufa. Alinisimulia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na alipokwama alisema kwa Kijaluo, nami nilielewa. Aliacha kuniita Nyar Kuria. Aliniita nyathina, mwanangu.

Nilikuwa mpweke miaka yote hiyo, lakini upweke wa siku zile ulikuwa mbaya kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nakaa karibu na upendo ambao haukuwa wangu. Ulikuwa wa mtu mwingine ambaye hayupo. Na siwezi kusema mimi nilikuwa na akili zaidi. Siku zangu zilipochelewa kidogo, nilianza kulala nimeweka mkono tumboni. Nilijiambia kwamba huenda mama mkwe ameona kitu nisichokiona, kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Nilimpigia mume wangu simu nikamweleza yote. Alicheka sana. Kisha nikasikia kelele za mjengo nyuma yake, ndipo akauliza taratibu, "Kwa hivyo si kweli?"

Nikamwambia yeye ndiye aliyenikalisha nyuma. Hakucheka tena, akasema ana kazi.

Siku zangu zilikuja katikati ya wiki, mchana, nikichambua dagaa wa omena. Niliingia ndani nikalia, nililia kama mtu aliyepoteza kitu alichokuwa nacho. Kisha nikanawa uso. Nilijua nikingoja nitazidi kushindwa, na uji wa kesho yake nisingeweza kuumeza. Nikavuka uwanja mpaka kwa mama mkwe. Alikuwa kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Nilikuwa nimetafuta maneno ya adabu njia nzima na sikuyapata.

"Mama, sina mimba," nikasema. "Nimeona mwezi wangu leo. Ilikuwa mashine, kama nilivyosema."

Mikono yake iliendelea na gunzi lile mpaka likaisha. Akaliweka chini, akachukua jingine, akalishika tu. Nilingoja aniite mwongo, au ainuke aniache pale. Nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo.

"Umeambia nani?" akauliza.

Nikasema mume wangu tu.

"Usiambie mtu bado," akasema. Alikuwa haniangalii. "Wacha nikae nayo mpaka Sabato ipite."

Siku ya Sabato tulikwenda kanisani pamoja. Kwa kawaida yeye hutangulia na wenzake, nami hufuata nyuma na Biblia yangu na mkoba wa chakula cha mchana. Siku hiyo aliubeba mkoba yeye, kwenye bega lake la uzee, na akawa ananiandama hatua kwa hatua. Akina mama walimwona amebeba. Walitabasamu, wakatupisha kwenye benchi la dirishani lenye hewa. Mmoja aliniuliza hali, mama mkwe akamjibu kwa niaba yangu, kwa Kijaluo, kwamba niko salama. Kisha akaketi wima, katikati ya wanawake waliokuwa na wajukuu mapajani, akaimba nyimbo zote kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Mimi niliangalia mbele.

Tulirudi jioni na kundi kubwa. Walipungua mmojammoja kwenye njia za kwao, kila mmoja akimpa mama mkwe mkono na kuukawiza kidogo. Wa mwisho alipokata kona, tulitembea mpaka karibu na boma. Hapo mama mkwe akasimama, akautoa mkoba begani, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mahindi.

"Sasa unaweza kubeba, Nyar Kuria," akasema.

Nikaupokea. Tukaingia bomani, yeye akaenda kwake na mimi kwangu.